Betri zimo, lakini nani atazibadilisha?

Na Mwandishi Wetu

PROGRAMU ya kompyuta iliyofanya kazi bila matatizo kwa miaka kumi na mitano inaweza kukataa kuwaka asubuhi moja, ingawa hakuna mtu aliyegusa hata herufi yake moja. Fundi anapoitwa hukuta kuwa kilichobadilika si programu yenyewe bali lugha iliyoandikiwa. Kompyuta imewekewa toleo jipya la lugha hiyo, na ndani ya toleo hilo kifaa kimoja ambacho programu ilizoea kukikuta kimeondolewa.

Hali hiyo iliwakumba baadhi ya watumiaji wa Python, mojawapo ya lugha za kompyuta zinazotumika zaidi duniani, baada ya toleo lake la 3.13 kutoka Oktoba 7, 2024. Toleo hilo liliondoa moduli 19 kwa mkupuo, nyingine zikiwa zimekaa humo tangu miaka ya 1990.

Uamuzi huo haukuwa wa siku moja. Ulihitimisha mjadala uliochukua zaidi ya miaka mitano kuhusu swali ambalo kwa mtu wa nje huonekana dogo: mtu anapochukua lugha ya kompyuta na kuiweka kwenye mashine yake, akute nini tayari ndani, na nini akitafute mwenyewe?

Jibu la swali hilo haliwahusu mafundi peke yao. Ndilo linaloamua ofisi ipi italazimika kulipa ili mfumo wake wa mishahara uandikwe upya, mwanafunzi yupi ataweza kujifunza bila kununua bando kila siku, na taarifa za wateja wa benki zitapita katika mikono ya watu gani wasiojulikana.

Maktaba isiyo na vitabu

Kwa watu wa kompyuta, maktaba si jengo lenye rafu. Ni mkusanyiko wa kazi ndogondogo zilizokwisha kuandikwa na mtu mwingine, zikasubiri kuitwa. Mwandishi wa programu ya duka la dawa hahitaji kubuni upya namna ya kusoma tarehe, kubana faili kubwa liwe dogo au kutuma barua pepe. Huita maktaba inayohusika kwa mstari mmoja, naye akabaki na kazi yake halisi, kama vile seremala anavyonunua misumari badala ya kuifua.

Maktaba hizo huwafikia watumiaji kwa njia mbili. Ziko zinazokuja pamoja na lugha yenyewe, ambazo huitwa maktaba ya msingi, na kila sehemu yake huitwa moduli. Python ina moduli za namna hiyo takriban 200. Ziko pia zinazokaa nje, katika ghala la intaneti, ambazo mtumiaji huzipakua anapozihitaji. Ghala la Python linaitwa PyPI, na lina miradi zaidi ya nusu milioni iliyowekwa na watu wa kila aina, kuanzia kampuni kubwa hadi wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mwanzilishi wa Python ni Mholanzi Guido van Rossum, aliyeianza mwishoni mwa mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti wa hisabati na kompyuta cha CWI mjini Amsterdam. Toleo la kwanza kutolewa hadharani lilitoka Februari 1991. Wakati huo ghala la PyPI halikuwapo. Lilianzishwa miaka zaidi ya kumi baadaye, mwaka 2003, na chombo cha kupakulia vifurushi kinachoitwa pip kikaja mwaka 2008.

Katika mazingira hayo, kuweka kila kitu ndani ilikuwa busara. Mtu aliyeletewa lugha isiyo na maktaba alikuwa ameletewa redio isiyo na betri mahali pasipo na duka. Ndiyo sababu watengenezaji wa Python walijivunia kusema kuwa lugha yao inakuja na betri zake ndani, na waraka wa mapendekezo wa mwaka 2000, wenye namba 206, uliitaja falsafa hiyo ya betri kwa jina lake.

Faida yake haikuwa ndogo. Mwaka 2006, toleo la 2.5 liliingiza moduli ya sqlite3, inayomwezesha mtu kuwa na hifadhidata kamili ndani ya faili moja bila seva. Mwaka 2008 ikaingia json, ya kusoma na kuandika taarifa kwa muundo unaotumiwa na tovuti nyingi. Zote mbili zilianza nje, zikapendwa, zikatulia, kisha zikakaribishwa ndani. Leo si rahisi kumpata mwandishi wa Python ambaye hajawahi kuita mojawapo.

Intaneti inapokatika

Anayeishi mahali ambapo intaneti haikatiki anaweza kuiona falsafa hiyo kuwa ya zamani. Afrika Mashariki haina anasa hiyo. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania na Kenya zikiwamo.

Siku ya namna hiyo, mwandishi wa programu aliyezoea kupakua kila kitu hukaa akitazama kishale kinazunguka. Anayetegemea maktaba ya msingi huendelea na kazi, kwa sababu anachohitaji kilishaingia kwenye mashine yake siku alipoiweka lugha. Hata bila hitilafu ya baharini, mwanafunzi anayepima megabaiti zake anajua tofauti kati ya kushusha kitu mara moja na kushusha vifurushi ishirini kwa ajili ya zoezi moja la darasani.

Aidha, liko kundi jingine ambalo halizungumzwi sana. Katika taasisi nyingi zinazoshika fedha au siri za watu, mfanyakazi haruhusiwi kupakua kitu chochote bila kibali. Kibali cha lugha yenyewe hutolewa mara moja; kibali cha kila kifurushi cha nje kinaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa mfanyakazi huyo, kilichomo ndani ya boksi ndicho kilichopo duniani.

Betri zilizoanza kuvuja

Hata hivyo, kila aliyewahi kuisahau redio kabatini anajua kinachotokea. Betri huvuja, na maji yake huharibu redio yenyewe.

Mfano huo ndio uliotumiwa Mei 2019 katika mkutano wa watengenezaji wa Python uliofanyika Cleveland, Marekani. Amber Brown, aliyekuwa mmoja wa watunzaji wa maktaba ya nje iitwayo Twisted, alisimama na kueleza kuwa betri za Python zimo lakini zinavuja: baadhi ya moduli za ndani zimepitwa na zile za nje, na kasoro inaporekebishwa, marekebisho huchelewa kuwafikia watu kwa sababu ni lazima yasubiri toleo jipya la lugha nzima. Maneno hayo hayakupokewa vizuri na kila aliyekuwa ukumbini.

Mwezi huohuo Christian Heimes, mtengenezaji wa Python aliyeshughulika sana na masuala ya usalama, alichapisha waraka namba 594 uliopendekeza betri zilizokufa ziondolewe. Baadaye aliungana naye Brett Cannon, mkongwe wa mradi huo.

Orodha yao inasomeka kama ghala la vitu vya marehemu. Ilikuwamo sunau, ya kusomea sauti zilizohifadhiwa kwa muundo wa kampuni ya Sun Microsystems, ambayo ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Ilikuwamo nntplib ya kuzungumza na Usenet, baraza la majadiliano la enzi za kabla ya tovuti. Ilikuwamo crypt, ya kuficha maneno ya siri kwa njia ambazo wataalamu wa usalama hawazipendekezi tena kwa kazi mpya. Ilikuwamo cgi, ambayo miaka ya 1990 ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kutengeneza tovuti zinazopokea fomu.

Mtu anaweza kuuliza moduli isiyotumika inamdhuru nani ikiachwa ilipo. Jibu la waandishi wa waraka lilikuwa kwamba hakuna moduli inayokaa bure. Kila toleo jipya linapotengenezwa, lazima moduli zote zijaribiwe katika mifumo yote. Mtu anapogundua kasoro ya usalama, lazima apatikane wa kuirekebisha. Mgeni anapotuma marekebisho, lazima awepo anayeijua moduli hiyo ili ayakague, na kwa baadhi ya moduli hizo mtu wa namna hiyo hakuwapo tena. Watengenezaji wa Python si jeshi la wafanyakazi wa kulipwa; wengi wao hujitolea, wakifanya kazi hiyo jioni na mwishoni mwa wiki.

Uamuzi ulichukua muda. Mwaka 2018 Van Rossum alikuwa amejiuzulu nafasi yake ya kuwa msemaji wa mwisho, na mamlaka yakahamia kwa Baraza la Uongozi la watu watano wanaochaguliwa. Baraza hilo liliukubali waraka Machi 2022. Toleo la 3.11, lililotoka Oktoba mwaka huo, lilianza kutoa onyo kila moduli hizo zilipoitwa, la 3.12 likaonya tena, la 3.13 likazifuta.

Katika safari hiyo ziko moduli zilizonusurika, na sababu za kunusurika kwake zinafundisha kitu. Moduli ya wave, inayosoma na kuandika faili za sauti, ingeweza kabisa kuhesabiwa miongoni mwa wazee. Mwalimu mashuhuri wa Python, David Beazley, alieleza kuwa ni rahisi kuwafundishia watoto, ambao kwa mistari michache huifanya kompyuta itoe kelele za ajabu. Waraka uliikubali hoja hiyo ya mtoto wa miaka tisa, na wave ipo hadi leo.

Kwa wahandisi wa mitandao hapakuwa na bahati hiyo. Moduli waliyoitegemea, telnetlib, ilikuwa inawasaidia kuzungumza na ruta na swichi za zamani kwa njia ya Telnet, ambayo hupitisha hata neno la siri bila kulificha. Kuihukumu kuwa ni njia ya hatari ni sahihi. Lakini ruta iliyofungwa ukutani miaka ya nyuma haijui kuwa imehukumiwa, na anayeitunza hana fedha ya kununua nyingine kwa sababu tu toleo jipya la Python limetoka.

Mwaka mmoja kabla yake, toleo la 3.12 lilikuwa limeondoa distutils, chombo cha kufungia vifurushi kilichoingia mwaka 2000. Hicho hakikuwa kimesahauliwa na watu. Kilikuwa kimezidiwa na setuptools, chombo cha nje kilichojengwa juu yake, ambacho sasa kinabeba nakala ya distutils tumboni mwake. Onyo lilitolewa tangu mwaka 2021, lakini maonyo ya kompyuta husomwa na wachache, na wengi walijua habari hiyo siku programu zao zilipogoma.

Si ubora, ni mwendo

Wasomaji wengi wangedhani kuwa kigezo cha kuingia ndani ni ubora: maktaba bora iingie, mbovu ibaki nje. Historia ya Python inaonyesha vingine, na mfano ulio wazi zaidi ni wa maktaba iitwayo requests.

Ilianzishwa mwaka 2011 na Kenneth Reitz, nayo huiwezesha programu kuzungumza na tovuti kwa urahisi ambao moduli ya ndani, urllib, haikuwahi kuufikia. Ilipendwa kiasi kwamba mwaka 2015 suala la kuiingiza katika maktaba ya msingi lilipelekwa kwenye mkutano wa watengenezaji mjini Montreal, Kanada. Iliamuliwa ibaki nje, ingawa hakuna aliyedai kuwa haifai.

Sababu ilikuwa mwendo. Programu inayozungumza na tovuti hutegemea vyeti vya usalama, yaani orodha ya mamlaka zinazothibitisha kuwa tovuti ya benki ni ya benki kweli. Orodha hiyo hubadilika, na njia za ulinzi hubadilika. Tundu likigunduliwa Jumatatu, dawa inahitajika Jumanne. Wakati huo toleo jipya la Python lilitoka takriban kila baada ya miezi kumi na minane. Kuifunga maktaba ya namna hiyo ndani ya lugha kungekuwa sawa na kuiweka zimamoto katika gari linalopita mara moja kwa mwaka na nusu. Hadi leo mwongozo rasmi wa urllib huwaelekeza wasomaji wake waende kutumia requests, jambo lisilo la kawaida, mwenye duka kumwelekeza mteja kwa jirani.

Suala la saa linaonyesha namna ya tatu, ambayo huenda ndiyo ya busara kuliko zote. Kwa miaka mingi Python haikuwa na njia yake ya kujua kuwa saa sita mchana Nairobi ni saa ngapi Tokyo. Mtumiaji alilazimika kupakua maktaba ya nje. Oktoba 2020, toleo la 3.9 lilileta moduli ya zoneinfo kuziba pengo hilo.

Tatizo ni kwamba saa za nchi si za jua peke yake. Ni za serikali. Februari 1, 2021, miezi minne tu baada ya toleo hilo, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja na kuachana na wakati inaotumia Kenya, Uganda na Tanzania. Misri nayo ilirejesha utaratibu wa kusogeza saa majira ya joto Aprili 2023. Lugha ya kompyuta ambayo ingebeba orodha ya saa za dunia ndani yake ingekuwa na makosa kabla ya mwaka kwisha, na basi la kutoka Kampala kwenda Juba lingeandikiwa tiketi za saa isiyo sahihi.

Watengenezaji waliliona hilo mapema. Waliweka ndani mtambo wa kukokotoa saa, ambao haubadiliki, wakaiacha nje orodha ya saa za nchi, ambayo hubadilika. Moduli ya zoneinfo huisoma orodha hiyo kutoka katika mfumo wa kompyuta, na mahali isipokuwapo, kama katika Windows, husoma kifurushi cha tzdata kilichoko PyPI, kinachotunzwa na watengenezaji haohao wa Python na kuhuishwa kila serikali inapobadili mawazo.

Kwa maktaba za hesabu kubwa uamuzi ulikuwa tofauti tena. NumPy, ambayo ni msingi wa kazi nyingi za sayansi na akili bandia katika Python, haijawahi kuwa ndani, na wenyewe wana ratiba yao wasiyotaka kuifunga kwa ratiba ya mtu. Hata hivyo, mwaka 2015 toleo la 3.5 liliongeza katika lugha alama mpya ya kuzidisha matriki. Ndani ya maktaba ya msingi hakuna aina ya namba inayoitumia alama hiyo; iliwekwa kwa ajili ya NumPy na jamaa zake. Mgeni hakupewa chumba, lakini alijengewa mlango.

Hatari za nje

Kwa hiyo wapo wanaosema boksi liwe tupu, kila mtu achukue anachotaka ghalani. Waliojaribu njia hiyo nao wana simulizi zao.

Lugha ya JavaScript, inayoendesha kurasa za tovuti, ilikuwa kwa miaka mingi na maktaba ya msingi nyembamba sana. Haikuwa hata na njia ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno ili lifikie urefu fulani, kazi inayohitajika mtu anapopanga namba za risiti. Mtengenezaji mmoja aliandika kifurushi cha mistari 11 kilichofanya kazi hiyo, akakiita left-pad, akakiweka katika ghala la npm. Maelfu ya miradi ikakitumia, mingi bila kujua, kwa kuwa kilivutwa na vifurushi vingine.

Machi 22, 2016, baada ya mzozo na wenye ghala kuhusu jina la kifurushi kingine, mtengenezaji huyo aliviondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 270. Kwa saa kadhaa miradi mikubwa duniani haikuweza kutengenezwa, mpaka npm ilipokirudisha kifurushi hicho na kisha kubadili kanuni ili kisiweze kuondolewa kiholela kitu kinachotegemewa na wengine. Mwaka uliofuata, viwango rasmi vya JavaScript viliingiza kazi hiyohiyo ndani ya lugha. Mistari 11 ilikuwa imepata makao.

Hatari nyingine ni ya wezi. Kwa kuwa ghala la wazi humpokea yeyote, wapo wanaoweka vifurushi vyenye majina yanayofanana na ya vile mashuhuri, herufi moja ikiwa imebadilishwa, wakimsubiri mtu atakayekosea kuandika. Mwishoni mwa Machi 2024, PyPI ililazimika kusimamisha kwa muda uandikishaji wa watumiaji wapya kutokana na wimbi la vifurushi vya namna hiyo. Moduli iliyomo ndani ya lugha inaweza kuwa ya zamani, lakini angalau inajulikana nani aliiweka.

Lugha nyingine zimechagua njia zao. Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ilijaza ndani hata seva kamili ya tovuti, na tangu mwaka 2012 watengenezaji wake wameahidi kutovunja programu zilizokwisha kuandikwa. Ahadi hiyo ina gharama. Februari 2024 walipotaka kuirekebisha moduli ya namba za kubahatisha hawakuifuta ya zamani. Waliweka mpya kando yake na kuiita toleo la pili, na sasa zinaishi zote mbili. Rust, iliyofikia toleo lake la kwanza kamili Mei 2015, ilifanya kinyume: hata namba za kubahatisha hazimo, huchukuliwa nje.

Waandishi wa lugha ya Haskell walijaribu njia ya katikati. Mwaka 2009 walianza kutoa mkusanyiko ulioitwa Haskell Platform, wenye lugha yenyewe pamoja na maktaba zilizochaguliwa kwa mapendekezo na mijadala. Nia ilikuwa mgeni apate kila kitu kwa mkupuo mmoja. Ila maktaba zilizogandishwa ndani zilikuwa zikigongana na matoleo mapya yaliyohitajiwa na vifurushi vingine, na mwaka 2022 mkusanyiko huo ulitangazwa kuwa umeachwa. Wageni sasa huelekezwa kwenye chombo kinachowawekea lugha na vyombo vyake tu, maktaba wazitafute wenyewe.

Kwa Python, kazi ya kujaza boksi kubwa ilichukuliwa na wengine. Mkusanyiko wa Anaconda, ulioanza mwaka 2012, uliwapa wanasayansi Python pamoja na NumPy na mamia ya vifurushi vingine kwa upakuaji mmoja. Ulienea vyuoni na maofisini. Mwaka 2020 kampuni yenye mkusanyiko huo ilibadili masharti yake, ikataka mashirika ya kibiashara yenye wafanyakazi zaidi ya 200 yalipie. Waliodhani wamepewa boksi la bure waligundua kuwa boksi lina mwenyewe.

Mlango haujafungwa

Baada ya yote hayo mtu angetarajia Python iache kupokea moduli mpya. Haikuacha. Oktoba 2022, toleo lilelile lililoanza kuonya kuhusu betri zilizokufa ndilo lililoingiza tomllib, ya kusoma mafaili ya mipangilio ya muundo wa TOML. Sababu yake inachekesha kidogo: vyombo vya kupakulia vifurushi vilihitaji kusoma muundo huo ili vijue namna ya kupakua, na havikuweza kupakua kifurushi cha kusoma muundo huo kabla ya kuweza kupakua. Moduli hiyo husoma tu. Haiandiki, kwa kuwa waliopendekeza walitaka kuahidi kidogo iwezekanavyo.

Oktoba 2025, toleo la 3.14 liliongeza njia ya kubana mafaili iitwayo Zstandard, iliyobuniwa na Yann Collet wa Facebook. Muundo wake umetulia, umeandikwa katika viwango vya wazi na unatumika kila mahali. Haitarajiwi kubadilishwa na serikali yoyote.

Ratiba nayo imebadilika. Tangu toleo la 3.9, Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo hupata marekebisho ya usalama kwa miaka mitano. Ofisi yenye programu ya zamani inayotegemea moduli zilizoondolewa inaweza kubaki na toleo la 3.12 hadi Oktoba 2028. Baada ya hapo, ama programu iandikwe upya, ama iendeshwe juu ya lugha isiyolindwa na mtu.

Kuhusu telnetlib, haikutoweka kabisa. Nakala yake iko PyPI kwa jina la standard-telnetlib, na mwenye ruta ya zamani huipakua kwa amri moja ya maneno matatu. Baada ya sekunde chache ruta yake huitika kama ilivyoitika miaka yote, ili mradi siku hiyo intaneti ipo.